Je, Kumtaja Mgonjwa ni Kumsaliti?



Tunawasalimu nyote wa kila kijiji cha makazi haya, ninyi mliofika miaka mingi iliyopita na ninyi mliovuka ziwa au mpaka juzi tu. Katika toleo hili tumeombwa kujibu swali lililoletwa na akina mama wa kikundi cha maombi, nalo limetusumbua hata sisi wenyewe. Swali ni hili: mtu akiona kwamba nyumbani kwa jirani kuna ugonjwa wa kuambukiza, na jirani anauficha, je, akienda kumwambia mhudumu wa afya amefanya upendo au amefanya usaliti?

Swali hilo lina wenyewe. Wakati wa mvua zilizopita, bibi mmoja anayelea wajukuu wawili yatima, na ambaye huwatunza kwa kuuza maandazi, alikuwa na mtoto aliyeanza kuharisha maji matupu tangu alfajiri. Jirani yake ni mama waliyetoroka naye pamoja, wakapika katika sufuria moja njiani. Akamwuliza, "Mama, mtoto ana nini?" Bibi akajibu, "Ni meno tu, yanaota." Lakini jirani aliona macho ya mtoto yamezama na midomo imekauka. Hakubishana. Alikwenda moja kwa moja kwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT. Haikupita saa moja, wakaja watu wenye mabuti na pampu ya klorini mgongoni, mchana kweupe, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile bibi hamsalimu jirani yake. Neno alilomwambia lilikuwa moja tu: "Uliniuza." Sasa wanakuja ibadani wote wawili, mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule.

Ndiyo maana tunaandika. Hatutaki kutoa hukumu ya haraka, maana katika jambo hili kila upande una machozi yake.

KWANZA, TUELEWE KINACHORIPOTIWA

Wengi wetu tunafikiri kwamba kuripoti ugonjwa ni kumtangaza mtu. Sivyo. Kuripoti ni kusema jambo moja kwa maneno ambayo kila mmoja anayaelewa kwa namna ile ile. Tuchukue mfano. Watu watatu wamekunywa maji ya kijito kimoja. Wa kwanza anafika kituo cha afya anasema "tumbo linaniuma", naye anaandikiwa tumbo. Wa pili ana mwili dhaifu na ametapika, kituo kingine wanamwandikia malaria. Wa tatu hakupelekwa popote, kwa sababu nyumbani wamesema amelogwa. Watu watatu, kijito kimoja, majina matatu. Nani ataona kwamba ni ugonjwa mmoja? Hakuna. Na wiki ijayo watakuwa thelathini.

Sisi wakimbizi tunalijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa tuna lugha nyingi. Huyu anasema kolera, yule kipindupindu, mwingine anasema tumbo limeshuka. Kwa hiyo kunahitajika kipimo kimoja, kama vile sokoni kunavyohitajika kilo moja. Mwaka 1998 nchi za Afrika zilizo katika Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kufuata mpango mmoja wa kufuatilia magonjwa, na baadaye vikatolewa vitabu vya maelekezo vinavyosema kila ugonjwa utambuliwe kwa dalili gani. Uganda ipo katika mpango huo, Kongo pia, na Burundi na Rwanda.

Kwa mtu wa kijijini maelezo hayo ni mepesi. Mtu anayeharisha maji mengi kama maji ya mchele: taja. Mtu mwenye homa na vipele mwili mzima: taja, huenda ni surua. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu umelegea ghafla: taja, huenda ni polio. Mhudumu hakuombi utoe jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya mganga na maabara. Anakuomba useme ulichokiona. Kwa ugonjwa kama kipindupindu hakuna kungoja wafike kumi. Mgonjwa mmoja anayeshukiwa anatosha kuamsha watu.

Tena kuna jambo lililotushangaza tulipoelezwa. Kituo cha afya hutuma ripoti kila wiki, hata kama hakukuwa na mgonjwa. Wanaandika sifuri. Hawaachi nafasi tupu. Kwa nini? Kwa sababu sifuri ina maana "tumetafuta, hatukuona", lakini nafasi tupu ina maana "hatujui kama mtu alitafuta". Ndivyo polio ilivyofuatiliwa. Kila mtoto aliyelegea kiungo ghafla alichunguzwa, choo chake kikapimwa mara mbili, hata kama mwishowe haikuwa polio. Eneo ambalo halikuleta hata mtoto mmoja halikusifiwa. Liliulizwa kama kweli linatazama. Kwa kazi hiyo, pamoja na chanjo, tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imetoweka katika kanda ya Afrika ya WHO. Basi, kunyamaza si sawa na kuwa mzima. Hili ni neno la afya, na ni neno la roho pia.

TULIPOHESABIWA TUKIWA TUMECHELEWA

Wazee wetu wanaikumbuka Goma ya Julai 1994. Mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu. Inakadiriwa kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Na hesabu hiyo ilipatikana kwa namna gani? Kwa sehemu kubwa ilipatikana kwa kuhesabu miili iliyokusanywa barabarani na kupakiwa kwenye malori, kwani ardhi ile ya mawe ya volkano ilikataa kuchimbwa. Watu wale walihesabiwa, ndiyo, lakini walihesabiwa wakiwa maiti.

Karibu zaidi na sisi, Februari 2018, ndugu zetu waliotoroka Ituri kwa mitumbwi kupitia Ziwa Albert walifika wilaya ya Hoima, na kipindupindu kikawashika pamoja na wenyeji. Waliougua walizidi 1,000, na waliofariki walizidi 30. Ni majonzi. Lakini linganisheni na Goma. Goma ilikuwa na watu wengi mno, na maji hayakuwapo. Hatusemi kwamba ripoti peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Tunasema kwamba dawa, maji safi na klorini huenda mahali ambapo mtu amesema, "Hapa kuna mgonjwa." Mahali palipo kimya, gari hupita.

KWA NINI TUNAFICHA

Baada ya kusema hayo, ingekuwa rahisi kumlaumu bibi. Hatutafanya hivyo. Tumekaa na watu, tumewasikiliza, na sababu za kuficha tulizozisikia si za ujinga.

Ya kwanza ni hofu ya orodha. Kati yetu wako ambao orodha ilipita kijijini mwao kabla ya panga kupita. Walioandikwa walitafutwa usiku. Mtu wa namna hiyo akiona kijana na kalamu mlangoni, moyo wake unakimbia kabla ya miguu. Tusimcheke.

Ya pili ni aibu. Kolera inaitwa ugonjwa wa uchafu, na mama anayepata madumu mawili tu ya maji kwa siku anaambiwa kwamba ni mchafu.

Ya tatu ni tumbo na safari. Kifo kikitangazwa, jina hufutwa kwenye kadi ya mgao. Tunajua nyumba ambazo zimezika kimya kimya ili chakula kisipungue. Na familia iliyongoja usaili wa nchi ya tatu kwa miaka mingi inaogopa kusema kwamba baba anakohoa damu, kwa sababu kifua kikuu cha kuambukiza huchelewesha safari hadi mgonjwa atibiwe.

Nani kati yetu atamrushia jiwe mama aliyemzika mwanawe bila kulia kwa sauti, ili ndugu zake waliobaki wale? Si sisi. Lakini kwa upendo tunamwomba atafakari. Wanaosimamia makambi wana kipimo chao: katika watu 10,000, kifo zaidi ya kimoja kwa siku ni dharura, na msaada lazima uongezwe. Sasa, tukizika kwa siri, karatasi inaonyesha kwamba hatufi. Kila nyumba inaficha kifo kimoja ili ipate chakula, na sote kwa pamoja tunawaonyesha wakubwa kwamba tumeshiba. Anayeficha kifua kikuu naye anaikinga safari, lakini analala chumba kimoja na watoto wake, ambao ndio hasa anataka kuwasafirisha.

Pamoja na hayo, kwa heshima, tunawaambia pia wanaotoa mgao: msimfanye mtu achague kati ya ukweli na uji. Nyumba iliyotangaza msiba isikutane na adhabu wiki ile ile. Mkitaka hesabu ya kweli, ukweli usiwe na gharama kubwa kuliko uongo.

NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI

Biblia inajua hesabu za namna mbili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu ili ajue nguvu za jeshi lake. Hata Yoabu, mtu wa vita, alimwonya, lakini hakusikia, na baada yake likaja pigo (2 Samweli 24). Lakini yuko pia mchungaji wa Luka 15. Asingejua kwamba mmoja amepotea kama asingekuwa anahesabu. Daudi alihesabu ili ajivunie wengi, mchungaji alihesabu ili amtafute mmoja. Basi swali la kuuliza kila tunapohesabiwa ni hili: hesabu hii inamtafuta nani?

Tusome pia Mambo ya Walawi sura ya 13. Wengi huiruka kwa sababu inazungumza juu ya madoa na vipele. Lakini tazameni hekima yake. Kuhani hakuruhusiwa kumhukumu mtu kwa uvumi wa majirani. Alipewa dalili za kutazama, zile zile kwa tajiri na kwa maskini. Akiwa na shaka, alimtenga mtu siku saba, akamtazama tena. Na sura ya 14 inaeleza jinsi ya kumtangaza mtu kuwa amepona, na maskini alipunguziwa sadaka yake. Kumbe kipimo kimoja ni haki. Kinamlinda mgonjwa dhidi ya ulimi wa kijiji.

Hata hivyo sheria ile ilikuwa na upande mchungu: mgonjwa alikaa nje ya kambi, peke yake. Ndipo tunamwona Bwana wetu katika Marko 1. Mwenye ukoma alipomjia, Yesu alimgusa kwanza. Kisha akamwambia nini? Aende akajionyeshe kwa kuhani. Tafakarini mambo hayo mawili yakiwa pamoja. Yesu hakusema, "Kwa kuwa nakupenda, usiende kuandikwa." Wala hakusema, "Nenda ukaandikwe, usinikaribie." Alimgusa, na akamtuma. Upendo haukufuta ripoti, na ripoti haikufuta upendo.

WAJIBU WA ANAYETAJA NA ANAYEANDIKA

Kwa hiyo anayetaja na anayeandika wana sheria za kufuata, na tunazitaja nne.

1. Kipimo kiwe kimoja. Mgonjwa wa nyumba ya mwenyekiti, wa nyumba ya mchungaji na wa nyumba ya yatima waandikwe kwa dalili zile zile. Mkimbizi na mwenyeji vivyo hivyo, maana kijito hakiulizi kitambulisho.

2. Jina lisitembee. Ripoti ya wiki hubeba idadi. Jina ni la mganga anayetibu na la wale wanaowatafuta waliokaa karibu na mgonjwa, basi. VHT anayesimulia majina ya wagonjwa kisimani ameivunja kazi yake. Hata jina la ugonjwa linaweza kuumiza. Mwaka 1976, ugonjwa mpya ulipotokea Yambuku huko Kongo, waliotafuta jina hawakutaka watu wa kijiji kile wabebe aibu milele, wakachukua jina la mto Ebola. Na Novemba 2022 WHO ilipendekeza jina mpox badala ya lile la ndui ya nyani, kwa sababu lilikuwa limegeuzwa kuwa tusi.

3. Hesabu isitumiwe kwa kazi nyingine. Mnakumbuka Desemba 2018: uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu, pamoja na usalama. Watu wengi waliona kwamba ugonjwa umegeuzwa kisingizio cha kuwanyima kura, na hasira ikaangukia kituo cha Ebola cha Beni. Mlipuko ule wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ulioanza kutangazwa Agosti 2018, ulikwisha Juni 2020 baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Imani ikipotea, mgonjwa hukimbilia porini, na ugonjwa humfuata.

4. Habari irudi. Tukiwapa hesabu, mtuambie mlichokiona: kijito kipi kina ugonjwa, bomba lipi ni salama. Watu wanaoulizwa kila siku bila kujibiwa huchoka kusema.

Zikifuatwa sheria hizi, matunda huonekana. Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka kurudi wilaya ya Kasese, baada ya kwenda Kongo kumwona babu aliyekuwa mgonjwa na ambaye alifariki. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba mtoto wao wa miaka 5 ana Ebola. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki. Ni huzuni kubwa. Lakini wahudumu wa pande mbili za mpaka walizungumza kwa kipimo kimoja wakapeana habari, waliokaribiana na wagonjwa wakafuatiliwa na kuchanjwa, na kutoka kwa familia ile ugonjwa haukuenea Uganda. Nyumba ngapi zililala salama bila kujua? Mungu anazijua.

SASA TUJIBU SWALI

Je, jirani yule alimsaliti bibi? Tunajibu: hapana. Mtoto anayeharisha maji matupu anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Kungoja ruhusa kungekuwa kuilinda heshima ya mtu mzima kwa uhai wa mtoto. Pengine angeweza kusema, "Mama, ninaogopa kwa ajili ya mtoto, ninakwenda kumwita mhudumu, kisha ninarudi kukaa nawe." Tunashauri tufanye hivyo siku zote: tuanzie mlangoni, si nyuma ya nyumba. Lakini kutaja si dhambi.

Basi kwa nini bibi anasikia kwamba aliuzwa? Hapa, wapendwa, tumejikuta sisi wenyewe. Baada ya klorini kupulizwa, maandazi ya bibi hayakununuliwa kwa wiki tatu. Wanunuzi wake walikuwa nani? Ni sisi. Tulipita mlangoni pake tukitazama upande mwingine, hata baada ya mtoto kurudi amepona na wahudumu kusema hakuna hatari. Alipolala kituoni na mjukuu, yule mtoto mwingine alilala kwa nani? Hatukuuliza. Jirani alifanya nusu ya kazi ya Yesu: alimtuma kwa kuhani. Nusu nyingine, ya kumgusa, ilikuwa yetu, na hatukuifanya. Usaliti ulikuwapo, lakini haukuwa katika kutaja. Ulikuwa katika kumwacha aliyetajwa.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi cha maombi kiweke utaratibu. Siku mhudumu anapoingia katika nyumba, siku hiyo hiyo watu wawili waende pia: kuteka maji, kuwaangalia watoto waliobaki, kulinda vitu, kumpelekea habari mgonjwa. Wanawe mikono kwa sabuni, wafuate maelekezo ya mganga, lakini waende. Na mgonjwa akitangazwa kupona, Jumapili inayofuata aketi katikati yetu, si pembeni.

Sisi tumeanza. Wiki iliyopita wachache wetu tulikwenda kwa bibi kumwomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akatuuliza swali moja: "Siku ile mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulinunua maandazi, tukakaa, tukala pamoja naye.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ni sisi ndugu zenu katika safari,
Kamati ya Jarida